Nilivyozungushwa Durban nzima kutafuta kaburi la bibi wa mama mkwe lililohamishwa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na mwenye shaka aje Durban nimpeleke na gari langu bovu akaone kwa macho yake.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Glenwood, napakia mizigo kwenye ghala moja kule Mobeni. Nimeoa huku huku. Mke wangu Zaituni ni Mwislamu mzaliwa wa Durban, ila asili yao ni Afrika Mashariki. Wazee wao waliletwa kwa meli kufanya kazi enzi za mkoloni, wakabaki.

Sasa mama yake Zaituni ndiye chanzo cha yote.

Bibi yake huyu mama mkwe, yaani mama mzazi wa baba yake, alifia kwenye nyumba ya maskini. Msidhani waliohifadhiwa humo walikaa bure. Unafua mashuka, unashona magunia, ndipo unapewa uji na kitanda. Alipokufa akazikwa nyuma ya jengo pamoja na wenzake wa dini zote.

Baadaye eneo likatakiwa kwa ajili ya viwanda, makaburi yakahamishwa. Mama mkwe alikuwa mtoto. Anakumbuka baba yake alitoka asubuhi amevaa kanzu, jioni akarudi kanzu imejaa udongo mwekundu. Akaoga, akanyamaza. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kusema mama yake kapelekwa wapi.

Mashangazi zake wakalijaza pengo hilo wenyewe. Wakasema baba huyo alikubali mama yake abebwe kama mzigo na kutupwa shimo moja na wengine. Mama mkwe akaamini, na tangu baba yake azikwe alikuwa hajawahi kwenda kumzuru. Hata Idi, watu wote wanakwenda, yeye anabaki jikoni na sufuria zake.

Mwaka 2011 moyo ukaanza kumsumbua. Akasema hafi kabla hajamsomea bibi yake dua akiwa amesimama pale pale alipolala.

Dereva nani? Mimi.

Wakuu, nilikoma. Ofisi ya kwanza wakatuambia mambo ya makaburi ni ofisi ya pili. Ofisi ya pili wakatuangalia kama tumekuja kuiba, wakaturudisha ya kwanza. Ya tatu iko juu kilimani, Berea, tukapanda ngazi na mama wa watu anahema, tukakuta mhusika yuko likizo. Na kila safari ni siku yangu ya mapumziko imeliwa. Zaituni nikimlalamikia ananiambia, "Si mama yako pia?" Nachukua funguo za gari.

Mwishowe dada mmoja wa mapokezi akatuonea huruma. Akasema waliotolewa pale wote walipelekwa makaburi fulani nje kidogo ya mji, kona ya chini, ila majina hayakutunzwa. Usiulize nani kalala wapi.

Tukaenda, mimi na mama mkwe tu. Mlinzi wa getini akatuonyesha kwa kidole. "Eish, those old ones, baba, down there." Akarudi kivulini.

Kona yenyewe ni nyasi na vijiwe visivyo na maandishi. Safu ndefu zimenyooka zinafuata barabara. Pembeni kabisa, karibu na fensi, kuna makaburi machache yamekaa upandeupande, hayafuati safu wala barabara.

Hapo ndipo hasira zote zikanitoka. Nikaanza kufoka peke yangu. Watu mmewatoa kwao, mmewaleta huku, hata kunyoosha mstari mmeshindwa? Hawa walichimbiwa na walevi!

Mama mkwe alikuwa ameshika tasbihi, anaangalia chini, na machozi yanamtoka. Niliumia, maana nilijua anawaza lile shimo la mashangazi.

Adhuhuri ikaingia. Najua wajuzi wa humu mtanirukia kwamba makaburini haisaliwi. Tulitoka nje ya fensi, kwenye kipande cha nyasi. Kibla huku ni kaskazini, bahari iko mashariki, kwa hiyo haisumbui kuipata. Nikatandika koti langu, mama mkwe akakaa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja tulichotoa garini, kwa sababu ya magoti.

Nikasali. Nilipotoa salamu ya kulia, macho yakaangukia kwenye yale makaburi yaliyopinda, upande wa pili wa fensi.

Hayakupinda. Yalikuwa yamelala sawasawa na bega langu. Maiti wa Kiislamu analazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kaburi lake linakaa kama safu ya watu msikitini. Safu nyingine zote zilifuata barabara. Hawa wachache walifuata kibla, kama vile tulikuwa tunasali jamaa moja nao.

Mimi wa Tanga, niliyesoma chuo cha Kurani tangu mdogo, nimesimama pale nawaita waliochimba walevi!

Nikageuka kwa mama mkwe. Kiswahili chake amejifunza kwa wapangaji wake Wakongo. Akanyoosha kidole.

"Pale iko watu wetu," akasema. "Hao wazungu hawakujua kibla. Nani aliwaambia?"

Nikaokota koti langu.

"Udongo," akasema. "Kanzu yote ilikuwa udongo. Aliingia ndani ya shimo, mwanangu. Baba yangu alimlaza yeye mwenyewe."

Lipi ni la bibi yake hatujui mpaka leo. Aliwasomea wote, mmoja mmoja, na safari hii sikuangalia saa.

Kurudi nikajua tunakwenda nyumbani kula. Tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, akanigonga bega. "Kata kushoto. Nipeleke kwa baba."

Nikampeleka. Nilidhani atalia, nikakaa karibu nimdake. Wapi! Alisimama pale kaburini, mkono kiunoni, akaanza kumgombeza kwa Kiingereza, Kizulu na Kiswahili, vyote kwa pamoja. Mimi nilishika maneno ya mwisho tu, akiwa ameshapiga magoti anang'oa majani kwa vidole:

"Baba, miaka yote hii! Si ungesema tu?"

Funzo nililolipata ni hilo hilo, wakuu. Ninyi akina baba wa kufanya jambo zito halafu mnaoga na kunyamaza, mnatuachia sisi wakwe kazi ya kuzunguka maofisini. Semeni mkiwa hai.

Kama kuna mwenye wazee wake waliohamishwa, aweke mkasa wake hapa chini. Na wa kunisimanga kuhusu wale walevi, karibuni pia, nimeshazoea, Zaituni hajaacha bado.