Mfuko wa Kaki na Masikio ya Mume Wangu

Miaka ya hamsini nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe mlimani, na sikuzaliwa nayo. Niliipata kwa mume wangu. Yeye alikuwa akigonga maboila, yale matangi ya mvuke ya injini, katika karakana ya reli, hapa Nakuru, na ile nyundo ikamla masikio pole pole. Mwanzoni alipoacha kunijibu nilidhani ni kiburi, nikamnunia wiki nzima. Kumbe namnunia mtu ambaye hata hajui ananuniwa! Baadaye nikawa napiga kelele. Chakula tayari, mtoto ana homa, umeniudhi: yote majirani waliyasikia kabla yake.

Mambo yalipozidi, msimamizi wake akampa wiki tatu. Karakana basi. Palikuwa na nafasi kwenye dirisha la vifurushi pale stesheni, lakini lazima asikie wateja wanasema nini. Akishindwa, kazi imekwisha na nyumba ya reli tunaitoa, turudi kwetu Butere, magharibi na watoto watatu, kwenye shamba ambalo ndugu zake walikuwa wamekwisha kuligawana. Niliogopa mpaka nikakosa hamu ya kula.

Daktari akamtafutia mashine ya masikio iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ilikuwa kijisanduku cha kuvaa kifuani, chenye waya wa kwenda sikioni, kigurudumu cha kuongeza sauti na swichi ndogo ambayo hakuna aliyetueleza kazi yake. Mimi nikaona hii ni mali. Na vumbi la Nakuru linaingia hata ndani ya yai. Nikamshonea mfuko ndani ya koti, kaki mbili moja juu ya nyingine, na kifuniko cha vifungo. Nilijisifu kwa mfuko ule kanisani.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Alisema anasikia mtu akisugua sufuria kwa mchanga, mchana kutwa. Kijiko kikianguka, anaruka. Mimi nazidi kupaza sauti, naye anazidi kuzungusha kigurudumu. Siku moja akang'oa ule waya sikioni.

"Mama Watoto, hiki kitu kinanipa kelele tu. Maneno hakinipi."

"Basi kirudishe!" nikamfokea, na yeye hakusikia hata hilo.

Jumapili moja alitoa kijisanduku abadilishe batri, akatia mpya, akakiacha mezani, waya ukiwa sikioni. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe palepale, nikijisemea kwa chini kwamba huyu mwanamume atatuua na njaa.

"Nani atawaua na njaa?" akauliza.

Maharagwe yalimwagika yote. Sikuwa nimepaza sauti hata kidogo. Nikamwambia arudishe ile mashine mfukoni, nikasema tena vilevile. Hakusikia kitu. Akaitoa, akasikia. Haya, nikajua mchawi ni mimi: ile kaki yangu ilikuwa ikisugua mdomo wa mashine, pale inapoingilia sauti, kila akipumua. Nikachukua wembe nikautoboa mfuko wangu mzuri, huku nimekasirika vibaya sana.

Siku zilizobaki tulijaribu kila kitu. Ile mashine haikujua lipi ni neno na lipi ni sufuria. Ilikuza yote sawasawa. Akishusha kigurudumu, nami nikisimama mbele yake na kusema taratibu, maneno yanakaa. Na ile swichi, tulipoigeuza tukiwa karibu na reli, mngurumo wa mabehewa ulipungua, sauti za watu zikabaki nyembamba lakini safi. Kazi ngumu ilikuwa yangu, kuacha kufoka.

Wiki tatu zilipokwisha, siku ya mtihani wake pale dirishani, nilishindwa kukaa nyumbani. Nikabeba kikapu, nikapanga foleni pamoja na wateja. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya mume wangu, mikono mgongoni. Injini ilikuwa ikivuta mabehewa nje. Bwana mmoja mwenye gunia alisema anakolipeleka huku ameangalia pembeni.

"Mzee, niangalie mimi, useme tena," mume wangu akamwambia. Miaka yote ile alikuwa akiona haya kumwomba mtu arudie. Yule bwana akarudia, na kifurushi kikaandikwa.

Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa sauti ya kawaida, ile ya watu wawili:

"Kikapu cha kwenda Butere."

"Kina nini ndani?"

"Hakina kitu. Nimekuja kukuona tu."

Akaweka kalamu chini. Msimamizi akainama na kuuliza kama kuna shida na mteja huyu.

"Hakuna shida, bwana," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Huyu ni mke wangu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti nzuri."

Msimamizi alinitazama, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akamwambia mume wangu dirisha ni lake, aendelee na kazi.