Vidonge Tulivyovitupa Ziwani

Nianze kwa kusema kwamba sijasamehe. Kanisani kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, wananiambia kila mwaka kwamba hasira ya muda mrefu humla mwenye nayo, nami huwajibu kwamba basi imekula kwa kiasi, maana bado natembea. Dada yangu mkubwa alikufa mwishoni mwa miaka ya sabini, akiwa na miaka thelathini na kitu, na kila aliyekuwa karibu naye alichangia kidogo kifo chake. Mimi pia nilichangia.

Nilimwita yaya, kama dada wakubwa wote wanavyoitwa kwetu. Kazi yake ilikuwa makayabo, samaki wa chumvi. Alikuwa akiwanunua kisiwani Kilwa, Kilwa ya humohumo ziwani kwetu, anawafunga matita kwa kamba za magome, kisha anawavusha kwa Wakongomani ng'ambo ya ziwa. Fundo lake lilikuwa na sifa pwani nzima. Wanaume walishindana kulifungua, wakishindwa walikata kamba kwa kisu, naye aliwacheka mbele za watu kwa Kiswahili cha sokoni: "Mukono ya mwanaume ni ya kukata tu, kufungua hapana!" Mume wake alikuwa Mkongomani, mchuuzi kama yeye, na nadhani alimwoa kwa sababu ya kicheko hicho.

Kukonda kulianza mwaka mzima kabla ya mambo mengine. Alipata malengelenge yaliyomzunguka ubavuni kama mkanda, yakamchoma kiasi cha kutovumilia nguo. Mdomoni akawa na utando mweupe. Tumbo lilikuwa likiharibika, linatulia, linaharibika tena. Kisha siku moja sokoni tita lake likafumuka mikononi mwa mteja, samaki wakamwagika kwenye matope. Watu walicheka. Yaya hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Baada ya wiki mbili aliniomba nimletee mtumbwi, akimaanisha kikombe, akanikasirikia niliposhindwa kuelewa.

Kituo cha afya kilimpa dawa ya malaria. Tukarudi, wakampa tena dawa ya malaria. Mara ya tatu nilimuuliza muuguzi ni malaria ya aina gani inayolegeza mkono mmoja na kuuacha wa pili. Akaniambia nikae chini, nisubiri zamu yangu. Nilikaa. Kila nikikumbuka kwamba nilikaa, najichukia upya.

Barua ya rufaa ilipotoka hatimaye, tulipanda lori la samaki hadi Mansa, tukavuka Mto Luapula kwa pantoni, tukaingia Kopabeti, kwenye migodi ya shaba, palipo na hospitali kubwa. Mimi nilitumwa kumsindikiza kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha pili. Niliitwa msomi wa ukoo, cheo ambacho kazi yake ilikuwa kubeba bahasha.

Daktari alikuwa mzungu asiyejua Kibemba hata salamu. Alikata tezi lililovimba shingoni mwa yaya, akamchoma sindano mgongoni kuchota maji, na baada ya siku nyingi akatuita. Alisema kwa Kiingereza, muuguzi akageuza kwa Kibemba, na nusu ya maneno ikapotea njiani. Nilichokipata ni hiki: ni saratani ya matezi, na imeshaingia kwenye ubongo. Kwa nini mwili wa mwanamke kijana ulikuwa umeacha kabisa kujitetea, hilo hakulijua, na alisema wazi kwamba halijui. Kwa hilo tu namheshimu mpaka leo.

Kisha akainua vidole vitatu. Cha kwanza kilikuwa vidonge, vya kila siku, vya kushusha uvimbe ndani ya kichwa. Cha pili kilikuwa dripu ya kuua saratani, kila baada ya wiki tatu. Cha tatu kilikuwa mionzi ya kichwa, lakini mashine yake haikuwapo nchini, kwa hiyo angeandika barua kuomba nafasi nje. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake, alisema, akavikamata vidole vyote vitatu kwa mkono wa pili. Vikienda pamoja huenda yaya akapata miezi kadhaa, labda mwaka. Kupona hakukutaja.

Yaya alikuwa na swali moja. Binti yake wa kwanza alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mvua. Je, atafika?

"Tujaribu," daktari akasema.

Akapewa dripu ya kwanza. Siku ya kuondoka tukakabidhiwa chupa ya kahawia, kubwa, imejaa. Muuguzi alituambia kwa Kibemba anywe vidonge mpaka viishe. Lakini kwenye karatasi iliyobandikwa chupani paliandikwa kwa Kiingereza kwamba vidonge hivi visiachwe ghafla kwa sababu yoyote ile. Niliisoma karatasi ile ndani ya lori, tena zaidi ya mara moja. Nataka msomaji alikumbuke hilo.

Vidonge vilifanya maajabu. Kabla hata hatujafika nyumbani yaya alikuwa anadai chakula. Wiki moja baadaye mashavu yalikuwa yamejaa, maneno yamerudi mahali pake, na mkono wa kulia ukafunga tita la makayabo ambalo shemeji, mume wake mwenyewe, alishindwa kulifungua. Alicheka mpaka akakohoa. Mama naye hakukaa mikono mitupu: asubuhi alimpa kidonge, mchana maji ya mizizi, jioni alimpaka mafuta yaliyoombewa kanisani. Kuchanganya dawa hakukumtisha mtu yeyote nyumbani kwetu. Kilichotushinda ni kuendelea.

Maana katika ukoo wetu kuna desturi. Mgonjwa akisimama, vitu vya ugonjwa havilali tena ndani ya nyumba. Mkeka, kikombe, majani yaliyobaki, vyote hupelekwa kwa mtumbwi hadi nje ya matete, na ndugu wa tumbo moja aliye hai anayemfuata mgonjwa kwa kuzaliwa huvitupa majini. Wengine wote mtumbwini humpa mgongo. Kuhifadhi dawa ya mtu aliyepona ni kuuwekea ugonjwa kiti urudi ukae. Na nyumba ambayo haijatoa ugonjwa, watu hawaji kuoa humo.

Mimi sina ugomvi na mkeka. Mkeka ungeenda, kikombe kingeenda, hata mizizi ya mama ingeenda kwa amani.

Kikao kiliitishwa na mjomba, ndugu ya mama, tuliyemwita bayama. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anaweza kulia, mjomba ndiye anayeamua. Kwa kuwa shemeji alijua Kibemba cha kusalimia tu, tuliongea Kiswahili cha biashara, na labda ndiyo maana kikao kilikwenda kama kinavyokwenda kwa watu wanaopatana bei.

"Bon," shemeji akasema. "Bibi yangu anakula, anacheka, anafunga makayabo. Sasa ile dawa iko ya nani?"

Nikasema: "Bayama, munganga ya hospitali alikataza kuacha mara moya. Na wiki inayokuya tunarudi kwa dripu."

Bayama hakunitazama. Alimnyooshea kidole yaya, aliyekuwa anamenya mihogo. "Munganga yako alisema huyu mutu atakufa. Mumutazame. Iko nakufa?"

"Lakini, bayama, imeandikwa kwa chupa."

"Weye unapenda yaya yako alale mugonjwa, upate kuzunguka tena mu Kopabeti!"

Watu wakacheka. Nilihisi uso unawaka, nami nilikuwa na umri ambao aibu inauma kuliko hofu. Nilimgeukia mama. Mama alikuwa akikunja kitenge chake, anakikunjua, anakikunja. Nikamgeukia yaya mwenyewe, nikitegemea ulimi wake ule ulionyamazisha wanaume wa pwani nzima.

"Mudogo yangu," akasema taratibu, "nimechoka kuitwa mugonjwa. Mutoto anaolewa. Ninataka nisimame pale sawa mama ya mutoto, hapana sawa mugonjwa."

Kwa hiyo msiniambie kwamba alilazimishwa. Hilo nalo linanikasirisha, kwamba hata nafasi ya kusema alilazimishwa sikuachiwa.

Tulitoka asubuhi, ziwa limetulia. Bayama alikaa mbele, mama katikati, na yaya mbele yangu, amevaa kitenge kipya. Niliyemfuata yaya ni mimi, kwa hiyo mimi nilitupa mkeka. Nilitupa kikombe na fungu la mizizi. Halafu nikashika chupa, na uzito wake uliniambia kwamba ilikuwa imepungua kwa robo tu. Wote walikuwa wamenipa mgongo, kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kufungua kifuniko, nikavimimina vidonge kwenye pindo la kitenge changu, nikatupa chupa tupu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Jambo hilo lilinijia mtumbwini palepale, halikunijia baadaye. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Niliitupa na vidonge vyake vyote ndani.

Siku ya tatu yaya aliamka akitapika. Siku ya nne kichwa kilimuuma kiasi kwamba alijifunga kitambaa usoni asione mwanga, na mkono wa kulia ukaanguka tena. Siku ya tano tulimpeleka kituo cha afya kwa machela. Alikuwa baridi, jasho linamtoka, macho yamefumbuka nusu. Muuguzi, yuleyule wa malaria, aliuliza swali la maana kwa mara ya kwanza maishani mwake, walau mbele yangu:

"Anatumia dawa gani?"

"Hakuna," bayama akajibu. "Alizimaliza."

Muuguzi akanitazama mimi, kwa sababu alikumbuka kwamba mimi ndiye mwenye maneno. Bayama naye akanitazama.

"Alizimaliza," nikasema.

Wakamchoma sindano ya malaria. Alikufa kesho yake mchana, siku mbili kabla ya dripu ya pili. Harusi iliahirishwa, na hiyo nyumba tuliyoisafisha kwa ajili ya wakwe ikajaa waombolezaji.

Miaka mingi ilipita kabla ya ule ugonjwa wa kukonda kupata jina kwetu. UKIMWI ulipoanza kutajwa redioni, shemeji alikuwa ameshazikwa zamani, naye alikufa amekonda vilevile. Damu ya yaya haikupimwa, maana kipimo hakikuwapo, kwa hiyo sina cheti cha kumwonyesha mtu. Lakini nilikuja kumsikia daktari mmoja akihutubia watu ukumbini, akieleza kwamba saratani ya matezi kwenye ubongo huwafuata watu ambao kinga ya mwili imeporomoka, nikalazimika kutoka nje ya ukumbi kwa sababu nilikuwa karibu kupiga kelele. Alisema pia kwamba siku hizi huchanganya: dawa za virusi, za saratani, na mionzi, na kwamba wapo wanaoishi. Nilipiga hesabu ya miaka, nikaiacha. Yaya aliugua wakati ambapo dawa ya virusi haikuwapo wala virusi vyenyewe havikujulikana. Wa kulaumiwa kwa hilo hayupo, na ndiyo maana nawashika hawa niliowajua.

Namlaumu muuguzi na malaria yake. Namlaumu daktari, aliyeeleza vizuri vile kwa msichana ambaye kwao hakuwa na sauti. Kama angeuliza tu nani anaamua nyumbani kwenu, angemwita bayama amwonyeshe vidole vyake vitatu. Bayama hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyeona mgonjwa anakula na akaamini macho yake. Hili naliandika kwa shida, maana ningependa awe mjinga.

Barua ya daktari ilifika wiki sita baada ya mazishi, imepita Mansa, pembe zake zimelainika kwa kushikwashikwa. Bayama aliniita nisome, mbele ya mama, chini ya kibanda cha nyasi ambapo waombolezaji walikuwa wamelala. Nilisoma kwa Kiingereza kwanza, kimoyomoyo. Nafasi ya mionzi imepatikana. Mgonjwa afike hospitalini haraka, safari itapangwa kutoka hapo.

Niliwageuzia hayo, na ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira hiyo nilitaka imfike mtu. Nikageuza kwa Kibemba sentensi ya mwisho, polepole, nikimtazama bayama machoni kama mtoto asivyopaswa kumtazama mjomba wake: mgonjwa aje na vidonge vyake vyote vilivyobaki, na asikose kuvinywa hata siku moja akiwa njiani.

Bayama alisema, "Imetosha."

Nikaisoma tena.

Nilingoja mama amgeukie kaka yake. Nilikuwa nimeyasubiri hayo wiki sita, walau jicho moja kali. Mama hakumtazama bayama hata kidogo. Alitazama mikono yangu iliyoshika barua, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaiweka barua chini na kuificha mikono chini ya kitenge.