Madonge ya Mama Tone

Kiwandani walimwita Mama Tone, maana kazi yake ilikuwa kutazama matone ya mafuta ghafi kwa hadubini. Jina lilianza kama utani, likanata.

Ndani ya mafuta ghafi mna chembe za lami, ndogo mno na bapa, zisizojua kukaa mbalimbali. Zikipata nafasi hupandana, rundo likavuta rundo, mpaka zikawa madonge yanayozama. Kinachozitenganisha ni utomvu uliomo humohumo, unaojiingiza kati kama shangazi aliyeketi katikati ya wasengenyaji wawili. Ukitia petroli nyepesi kupita kiasi, shangazi anaondoka na vichwa vinakutana.

Asubuhi hiyo walikuwa wamechanganya mafuta mazito na mepesi kwenye tangi kuu. Madonge yakionekana, tangi lingemwagwa, na wakwanguaji wangeingia kwa tundu la chini kuikwangua lami kwa mikono. Kiongozi wao alikuwa mumewe. Mara ya mwisho alitolewa humo amebebwa, midomo imebadilika rangi, na Mama Tone hakuisahau rangi ile.

Akainamia hadubini. Madonge matupu! Angesema mafuta ni safi, nani angejua? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua; mabomba yangeziba, na tangi lingekwanguliwa vilevile, tena kwa pupa.

"Bosi, njoo uone. Yamegandana."

Msimamizi wa maabara akatazama, akaguna. "Hii mbaya. Waambie wakwanguaji wajiandae."

Mama Tone akampigia simu mumewe kwa sauti ya kikazi, kisha akaketi. Alipokichukua kile kioo alichodondoshea tone akisafishe, akasikia harufu. Petroli nyepesi! Ndipo akakumbuka: dawa ya kuoshea vioo ilikuwa imeisha, naye kwa haraka zake akatumia chupa iliyokuwa karibu. Shangazi alifukuzwa na yeye mwenyewe.

Akatwaa kioo kipya, kikavu, akadondosha tone jingine la tangi lilelile. Hudhurungi tupu, bila hata donge moja. La pili likawa vivyo hivyo. Msimamizi naye akahakikisha, akashusha pumzi.

"Mama Tone, nusura utuue kwa presha! Kimbia ukamwambie."

Akakimbia, mtu mzima na heshima zake. Mumewe alikuwa kwenye benchi la chumba cha zana.

"Vua buti, baba watoto."

"Nivue? Ndiyo kwanza nimezifunga."

"Tangi liko salama. Kioo changu ndicho kilikuwa na petroli."

"Yaani nilikuwa niingie mle kwa sababu ya kioo kichafu?"

"Si kichafu. Nilikiosha."

Mumewe akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye hakuweza. Alipiga magoti akaanza kumfungulia kamba za buti, na machozi yakamdondokea juu ya ngozi ya kiatu.

Mumewe akaacha kucheka, akamshika bega. "Na haya, Mama Tone, utayapima?"