Mkwaruzo Niliouponya

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa amplifaya hata moja. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Nyamagana alinipa mkasi, gundi na lundo la karatasi za kaki, akaniambia nitengeneze pakiti. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya umeme, cheti kiko mkobani, na nilikuwa binti pekee kati ya wanaume sita. Nikajua ananidharau. Nikazikunja pakiti kwa hasira hadi saa sita mchana.

"Binti, umenuna," akasema.

"Hapana, mzee."

"Umenuna. Sasa sikiliza. Chochote utakachotoa ndani ya mali ya mtu, hata kama kimeungua, utakitia humu, uandike juu ni nini, uifunge pakiti kwenye mkono wa kubebea amplifaya. Mwenyewe aone. Fundi anayebaki na vitu vya watu ni mwizi mwenye cheti."

Sheria yake ya pili niliipata wiki hiyohiyo. Alinifundisha kwamba sauti ikizidishwa kupita uwezo wa chombo, mawimbi yake hukatwa vichwa, na sikio husikia kama kitambaa kinachanika. Huo ndio mkwaruzo. "Mkwaruzo ni ugonjwa," alisema, "na sisi ni waganga." Nikaamini. Ningeaminije vinginevyo? Wateja wetu walikuwa kwaya na bendi za dansi, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyewahi kuja kuniomba nimwongezee makelele.

Baadaye nikaazimwa na bendi moja ya dansi kama fundi wa safari. Tulikuwa tukipanga foleni Kigongo kusubiri kivuko, mimi nimekalia spika ili abiria wasiweke matenga ya samaki juu yake. Kiongozi wa Bendi alikuwa mtu mkali, mwenye masikio ambayo sijawahi kuyaona kwa mwingine. Gitaa la solo likikwaruza kidogo tu, alisimamisha wimbo mbele za watu na kuniita kwa kidole. Miaka ile ilinikausha woga, na ilinikomaza katika imani yangu. Nilipofungua karakana yangu mwenyewe Butimba, watu walikuwa wakisema, mpelekee Mama Kulwa, atakurudishia sauti safi. Nilijisikia, sifichi.

Sasa nije kwa Baraka, maana ndiye aliyenifanya niandike haya.

Alikuwa anasomea ualimu, kijana mrefu, mpole, mwenye kuamkia hata watoto. Alinikuta karakanani akaniomba nimsindikize mjini kuchagua amplifaya ya mtumba ya gitaa. Alikuwa na wenzake wawili, wanapiga hevi metali.

"Ndiyo muziki gani huo?" nikamuuliza.

"Ni muziki wenye nguvu, mama."

Mimi nikaelewa kwamba unapigwa kwa sauti kubwa. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Katika kuchagua sikukosea, na vijana mnaotafuta chombo cha bei nafuu mnaweza kuchukua haya. Muuza duka alituvutia kwenye dude la matangazo lenye wati nyingi. Nikalikataa. Wati ni nguvu ya chombo, lakini chumbani na kwenye ukumbi mdogo thelathini zinatosha, na gitaa linataka amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa. La pili lilikuwa zuri kwa macho, ila nyuma liliandikwa volti mia moja na kumi. Vyombo vya namna hiyo vimetengenezewa umeme wa nchi nyingine; ukivichomeka kwenye soketi yetu bila transfoma ya kupunguza, unanunua moshi. La tatu nikaligeuza, nikasukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole. Ikienda na kurudi bila kusugua, koili yake haijaungua. Spika ilikuwa ya inchi kumi na mbili, yenye kifua, na kulikuwa na vitufe vitatu tofauti vya besi, sauti ya kati na sauti nyembamba.

Baraka akachomeka gitaa lake, akabonyeza swichi ambayo maandishi yake yalishafutika. Amplifaya ikanguruma na kuchanika vibaya sana. Kijana akafumba macho. Nikadhani anaumia.

"Mama, hii hii," akasema.

Maskini, nikawaza, anaichukua kwa sababu hana uwezo wa nzuri zaidi. Akainunua, akaniachia nimkazie tundu la waya wa gitaa lililolegea. Hilo tu ndilo aliloniomba. Lakini huruma ikanizidi. Nikafungua chombo chote, na ndani nikakuta diodi mbili, vipande vidogo kama punje za mchele, zimefungwa kwa kugeuziana na kuzikata sauti vichwa. Nikacheka peke yangu. Fundi gani huyu mlevi? Nikazitoa. Sauti ikawa safi kabisa. Nikaandika kwenye pakiti, "Diodi mbili, zilikosewa," nikaifunga kwenye mkono wa amplifaya. Ijumaa akaja mbiombio, akachukua chombo bila kukijaribu.

Jumamosi saa saba mchana bajaji ikasimama mlangoni. Baraka akashuka, amekumbatia amplifaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho hivyo?"

"Mama, mkwaruzo umeenda wapi?"

"Nimeuponya!"

Akaketi kizingitini. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mkwaruzo ndio muziki wenyewe, mama. Leo tunapiga, na Baba yuko ukumbini tayari, ametoka Majita na basi la alfajiri. Ni mwalimu wa kwaya. Gitaa hili ni lake. Amesema atasikiliza mara moja tu, halafu ataamua kama libaki kwangu au arudi nalo nyumbani."

Niliona aibu ambayo Kiongozi wa Bendi hakuwahi kuniona nayo. Miaka yote hiyo, na sikumuuliza kijana swali moja. Diodi za aina ile sikuwa nazo, na maduka yangefungwa kabla sijazipata. Ndipo nikaangalia mkono wa amplifaya. Pakiti ya kaki ilikuwa bado imefungwa palepale. Hakuwa ameigusa.

Nikawasha pasi ya kulehemu. Diodi ina mstari upande mmoja. Nikaiweka ya kwanza mstari juu, ya pili mstari chini, kama nilivyozikuta. Kabla sijafunga kifuniko nikamwambia apige. Ikachanika.

"Hivi ndivyo?" nikamuuliza. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza hivyo mteja yeyote.

"Ongeza kidogo, mama. Hapo. Hapo hapo!"

Tukapanda bajaji pamoja. Baba yake alikuwa amekaa mstari wa mbele peke yake, suti ya kijivu, kofia magotini. Nikakaa karibu naye. Vijana walipoanza aliruka kidogo kitini, kisha akakaza uso, na kwa wimbo mzima hakutikisika. Wakamaliza. Mzee akasimama.

"Wewe wa ngoma," akasema, "unamkimbia mwenzako kwenye ubeti wa pili. Msubiri Baraka. Rudieni kuanzia hapo."

Kisha akaketi, na safari hii mguu wake ulikuwa unahesabu. Gitaa halikurudi Majita. Nililia, na sioni haya kusema.

Niliiacha kazi mwaka uliofuata, macho yalikuwa yameanza kukataa vitu vidogo. Watu huniuliza kama nina fahari. Ninayo. Lakini huwa nawafikiria pia wapigaji wapole niliowarudishia vyombo safi, wakasema asante mama na kuondoka. Pengine mmoja wao alikuwa anakitaka kile nilichokitoa, akaniheshimu mno kusema.

Ile pakiti ya Baraka ilibaki tupu siku ile. Kabla hatujatoka karakanani nilikuwa nimefuta nilichoandika, nikaandika upya, nikaifunga tena mkononi mwa amplifaya. Ipo hadi leo, anakwenda nayo kila anakopiga. Imeandikwa: "Hakuna kilichotolewa."