Kasha Lililoandikwa "Kamili"

Fundi cherehani mmoja alikuwa mjane wa mchekeshaji aliyeigiza jirani mdoezi katika vichekesho vya zamani vya televisheni. Kila alipopita karibu na kituo cha televisheni aliingia kuuliza ni lini watatoa mfululizo mzima, mpaka walinzi wakambandika jina la Mama Lini. Mashabiki wenzake walichoka kusubiri, yeye king'ang'anizi.

Hatimaye kasha la DVD likatoka, limeandikwa "Kamili" kwa herufi za dhahabu. Akafunika cherehani mapema, akaketi na wajukuu, wakatazama yote. Mumewe alibisha hodi mara moja, akaingia, akaomba sukari, akatoka. Basi. Kamili ya wapi hiyo?

Akarudi kituoni, kasha kwapani.

"Mama, kanda zilikuwa adimu," mtunza kanda alimweleza. "Tukishaonyesha kipindi, tulirekodi kingine juu yake."

"Juu ya mume wangu mlirekodi nini?"

"Hotuba za wakubwa."

"Kuna mtu anazitazama?"

"Hakuna, Mama."

"Nazo mlizifuta?"

Mtunza kanda akainama.

"Hapana. Hizo zipo zote."