Kipimo cha Tatu na Saa ya Ng'ambo

Salima Aboubakar hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Alizaliwa Gitega kwa fundi cherehani, akakua akifungua redio za watu, na sasa alitunza vipima-maji vitatu vya mto mmoja huko Muyinga. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha saa za vipimo hivyo zinalingana. Cha juu kikiona maji yamepanda hukiarifu cha pili, nacho hukiarifu cha tatu, chenye king'ora pale bondeni wanapolima mpunga. Habari iliyochelewa huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati, hutupwa.

Asubuhi ile, ofisini Gitega, aliona kwenye kompyuta maji yanapanda mbiombio, na kipimo cha tatu kinatupa kila habari: kwa saa yake, imechelewa saa nzima.

Akakumbuka. Ijumaa alikibadilishia betri, akakiwekea saa kwa simu yake, naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka Kobero, mpakani, ambako simu hudaka mtandao wa Tanzania na kuruka saa moja mbele. Mtu yeyote wa Muyinga angeuliza kwanza: hii ni saa ya huku au ya ng'ambo? Yeye, fundi mzima, hakuuliza.

Na dada yake Zuena alikuwa bondeni humo akivuna na wenzake. Akampigia.

"Dada, tokeni! Maji inakuja!"

"Maji gani? King'ora iko kimya," Zuena akacheka. "We mwenyewe ulitufundisha, isipolia tusiogope. Bon, haya, wacha tumalize."

Mkuu wake Donatien, meza ya pili, alikuwa ameinua kichwa. Salima angeweza kusingizia mvua, betri, chochote. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Haitalia, dada! Mi ndo niliiharibu. Niliiwekea saa ya Tanzania. Tokeni!"

Simu ikakatika. Kwa dakika kumi na mbili alipiga, akapiga. Mwishowe Zuena akapokea, anahema.

"Tumepanda juu. Maji imefika pale tulikuwa tunakata."

"Wote?"

"Wote tisa."

"Sikuamini. Nipe kila mmoja nimsikie."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ruth. Raissa. Melania. Wa saba alikawia, Salima akaishika meza kwa mikono miwili.

"Ndi hano," ikasema sauti ya bibi kizee, kwa hasira. "Niko hapa. Lakini mpunga yangu imekwenda."

Salima akaangua kilio mbele ya mkuu wake, na bado wawili walikuwa hawajasema.