Radhi ya Deni Nililolipa

Nakumbuka siku moja nilitoka katika ofisi ya kampuni ya mikopo ya nyumba hapa Dodoma nikiwa na furaha, kumbe nimebeba kitanzi changu mkobani. Sikuwa mtoto, mwanangu. Mvi mbili tatu zilikuwa zimeshachungulia, nami nilidhani umri wa kudanganyika umenipita.

Nilikuwa mwalimu, nikikatwa marejesho ya nyumba moja kwa moja kwenye mshahara. Nyumba yenyewe ni hii unayonywea chai, upande wa Chimwaga. Basi ikaja barua: eti sijalipa miezi minne, na nisipolipa pamoja na riba ya kuchelewa, nyumba itauzwa. Hati zangu za mshahara zilionyesha kila mwezi nimekatwa. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Nikaenda nazo kwenye ile ofisi ya mikopo. Kijana wa pale alinipa shikamoo safi, akanivutia kiti, akasema kwenye mfumo wao fedha hazionekani.

"Dawa ya deni kulipa, mama. Ila nakuonea huruma. Jaza fomu hii ya kuomba msamaha, tutakufutia riba. Hiyo miezi minne utalipa kidogo kidogo."

Nilimshukuru mpaka nikamwombea mke mwema.

Jioni nikamsomea fomu Shangazi Perusi, dada yake baba, aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Mvumi. Alikuwa akimenya karanga. "Nakiri kuchelewesha malipo, na ninaomba radhi..."

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma.

"Ulilipa au hukulipa?"

"Nililipa, Shangazi."

"Sasa radhi ya nini?"

"Ni maneno ya adabu tu. Hawa ni wakubwa, na mwenye nguvu mpishe."

Akaweka ungo chini. "Mpishe njiani, siyo kwenye nyumba yako. Sisi Wagogo tumetaniwa vya kutosha kwamba tunajua kuomba. Wewe unataka kuomba hata kilicho chako? Dawa umeshaimeza, unaomba radhi ya ugonjwa gani?"

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hiyo hasira ndiyo iliyonisaidia. Kesho yake nilirudisha fomu tupu, nikaandika barua yangu mwenyewe. Sisi walimu tumezoea kuandika "Yah: Ombi". Mimi niliandika "Yah: Dai la kuingiziwa malipo yangu", nikaambatisha vivuli vya hati, nikataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Yule kijana akanuna.

"Mama, unajiharibia."

"Naomba muhuri, baba," nikamwambia. Hilo ndilo ombi pekee alilolisikia kwangu.

Walinizungusha. Mara mhusika yuko safarini, mara mfumo hausomi, mara njoo Jumatatu. Waliponiita nilikwenda, na wasiponiita nilikwenda vilevile, karanga za Shangazi mkobani, mpaka mlinzi akaanza kunitunzia kiti kivulini. Sikupaza sauti, wala sikusaini kitu. Barua ya pili ya kuuza nyumba ilipofika nililia, nikanawa uso, nikaenda tena. Safari hii nilikataa kuondoka bila kumwona meneja.

Meneja, mama mtu mzima, aliwaita wahasibu mbele yangu. Wakatafuta, wakazikuta fedha zangu kwenye mkopo wa mwanamke mwingine mwenye majina kama yangu. Meneja akanitazama, akasema polepole, "Mwalimu, ungesaini ile fomu tusingetafuta. Tungekuwa tumeshika kukiri kwako."



Barua yao ilipokuja nilimsomea Shangazi. Ilianza, "Tunaomba radhi."

"Soma tena hapo," akasema.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kusaini mkopo wako. Deni la kweli lilipe, na ukichelewa kweli omba radhi bila kujitetea. Lakini usikiri kosa usilolitenda ili watu wakuone mpole, kwa maana maneno yako mwenyewe ndiyo watakayokufungia. Tunza hati zako, andika, taka muhuri, na wakikwambia njoo kesho, nenda kesho. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nimeona kwamba hapewi asiyeitaja.

Mungu akujalie paa lisilovuja, na kinywa kinachojua pa kuomba na pa kudai. Haya, maliza chai yako, leta huo mkataba tuusome wote. Na nikikwambia soma tena hapo, usinune.